Kuchagua Kipimo cha Rezista

Leo twataka kuzungumza habari za kitu kidogo kilichomo ndani ya kila redio, nacho ni rezista.

Rezista nyingi hazizidi punje ya mchele kwa ukubwa, nazo zina waya huku na huku. Kazi yake ni kuuzuia umeme usipite kwa wingi mno, kama vile lango la mfereji lipunguzavyo maji yaendayo shambani. Nguvu ya kuzuia hupimwa kwa omu, jina lililotokana na Georg Simon Ohm, mtaalamu wa Ujerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe si ngumu: gawanya volti kwa ampea, utapata omu.

Basi na tuitumie. Tuseme twataka kuwasha kitaa chekundu cha LED kwa umeme wa volti 9. Kitaa chenyewe hutwaa volti 2 hivi, zabaki 7. Tena tumeambiwa kisipitishe zaidi ya miliampea 20, yaani sehemu 20 za elfu za ampea moja. Gawanya 7 kwa 0.020, jibu ni omu 350. Mwanafunzi hulichukua jibu hili mpaka dukani, naye mwenye duka humwambia, "Ya 350 hakuna. Iko ya 330, na iko ya 390." Hapo wengi hudhani kwamba hesabu yao imekosea, au kwamba duka halina mali. Sivyo. Hesabu ni sawa na duka halina kasoro, ila 350 haimo katika orodha ya vipimo vilivyokubaliwa.

Orodha moja itumikayo sana ina hesabu 12, nazo ni hizi: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82. Baada ya 82 huja 100, kisha 120, 150, na kuendelea vivyo hivyo kwa kuongeza sifuri. Aliyezijua hizi 12 amezijua zote.

Huenda msikilizaji akauliza, mbona hesabu hizi zaonekana kama zimetupwa ovyo? Kati ya 10 na 12 tofauti ni 2, na kati ya 68 na 82 tofauti ni 14. Lakini utaratibu upo. Kila moja huizidi iliyotangulia kwa karibu sehemu moja ya tano. Mwenye vibaba 10 vya mahindi akiongezewa 2, ataona mara moja kuwa vimeongezeka. Mwenye vibaba 100 akiongezewa 2, hatatambua mpaka apime. Hivyo hatua ndogo hufaa penye kidogo, na hatua kubwa hufaa penye kingi.

Tena iko sababu ya pili. Hakuna kiwanda kiwezacho kutengeneza rezista zote sawasawa kabisa. Rezista za orodha hii huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa sehemu 10 katika 100. Basi ile iliyoandikwa 330 yaweza kuwa kati ya 297 na 363, na ile ya 390 yaweza kuwa kati ya 351 na 429. Mwaona kwamba mipaka yao yaingiliana. Kuweka ya 350 katikati yao kungekuwa kutoa jina jipya kwa kitu ambacho kimekwisha kuwa na jina.

Wazo la kupunguza vipimo kwa utaratibu wa namna hii ni la zamani kuliko redio. Katika miaka ya 1870, Charles Renard, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, alikuta kamba za maputo ya jeshi ni za vipimo 425, akazipunguza zikawa 17. Na mwaka 1952 tume ya mataifa ya ufundi wa umeme, iitwayo IEC, ilichapisha orodha ya vipimo vya rezista, ili fundi wa nchi moja aweze kutengeneza chombo cha nchi nyingine.

Sasa turudi kwenye kitaa chetu. Tuchague ipi, 330 au 390? Ya 330 iko karibu zaidi na jibu letu, lakini ukaribu si hoja. Yatupasa kuuliza ni upande gani wenye hasara. Rezista ya 330 ikipungua mpaka 297, kitaa kitapitisha zaidi ya miliampea 23, nacho chaweza kuharibika mapema. Rezista ya 390, hata ikipungua mpaka 351, haitapitisha miliampea 20 kamili. Kitaa kitafifia kidogo, na jicho halitatambua. Kwa hiyo twachagua 390.

Wengine hufikiri wataunganisha ya 330 na ya 22, moja nyuma ya nyingine, wapate 352. Kwenye karatasi yapendeza, lakini rezista hizo mbili huweza kuwa omu 317 tu, nao watakuwa wamelipa mara mbili bila kupata usalama.

Tusisahau joto. Volti 7 zikizidishwa kwa miliampea 20 ni wati 0.14. Rezista ya sehemu moja ya nane ya wati italemewa. Ichukuliwe ya robo wati.

Ukiisha kuinunua, soma mistari yake kabla ya kuifunga. Rangi ya machungwa ni 3, nyeupe ni 9, na kahawia ni sifuri moja: hiyo ndiyo 390. Mstari wa rangi ya fedha waonyesha ile sehemu 10 katika 100.

Basi, enyi wanafunzi, fanyeni hesabu kwa uangalifu, kisha ulizeni ni upande upi utakaoleta madhara, mkachague kipimo kilicho upande wa salama.