Taarifa na Mahali Pake: Kuripoti Unyonyaji wa Kingono wa Watoto Mtandaoni

Unyonyaji wa kingono wa watoto mtandaoni una sura nyingi, na karibu zote huanza kwa mazungumzo. Mtu mzima hujipenyeza kwa mtoto kupitia mchezo wa simu, akaunti ya Facebook au TikTok, au kikundi cha WhatsApp. Humsifia, humtumia bando au pesa kidogo kwa simu, kisha humwomba picha. Picha ya kwanza ikishapatikana, ombi hugeuka amri na amri hugeuka tishio: mtoto atume nyingine, akubali kukutana, au alipe, la sivyo picha zitafika kwa wazazi na wanafunzi wenzake. Wako pia wanaomrekodi mtoto wanayeishi naye na kuuza video, wanaorusha unyanyasaji moja kwa moja kwa mtazamaji aliye nchi nyingine, na sasa wanaochukua picha ya kawaida ya mtoto aliyevaa sare na kuigeuza ya uchi kwa programu za akili unde. Yote haya yanastahili kuripotiwa. Anayeripoti hatakiwi kuwa na uhakika kwamba picha ni halisi, wala kujua umri kamili wa mtoto. Shaka yenye msingi inatosha, kwa sababu kupima ukweli ni kazi ya wapelelezi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 na ECPAT, INTERPOL na UNICEF ulikadiria kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti nchini Tanzania walikumbwa na vitendo vya wazi vya aina hii ndani ya mwaka mmoja, sawa na watoto wapatao 200,000. Ulionesha pia kwamba mara nyingi mhusika ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua, na kwamba ni wachache mno waliofika polisi au kupiga simu ya msaada. Kati ya madhara na taarifa kuna shimo kubwa, na ndani ya shimo hilo mkosaji huendelea na kazi yake bila bughudha.

Sheria haikukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Wajibu huo haukuwekwa kwa wazazi na walimu peke yao. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 13, inakataza kuchapisha picha za ngono za watoto kwa kutumia mfumo wa kompyuta, kuziweka mahali zinapopatikana, au kurahisisha upatikanaji wake. Anayetiwa hatiani hukabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 50, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili. Simu ya mkononi, kwa maana ya sheria hiyo, ni kompyuta kama nyingine yoyote.

Mlango mkuu wa taarifa hizi Tanzania ni Dawati la Jinsia na Watoto lililoko katika vituo vya polisi. Maofisa wake hufunzwa kusikiliza mashauri ya ukatili, na mtoto anayefikishwa hapo hapaswi kusimulia yaliyompata mbele ya foleni ya watu kaunta. Mlango wa pili ni namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kupitia kwa mtu mzima. Wa tatu ni Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, ambaye kazi yake hasa ni usalama wa mtoto: akae wapi, alale wapi, nani amsindikize mahakamani. Ofisi ya mtaa au kijiji nayo ina nafasi yake, na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ziliwekwa ngazi hiyo makusudi, karibu na watu.

Hata hivyo, ofisi ya mtaa inapokea taarifa ili iipeleke mbele. Haina mamlaka ya kuwasuluhisha mkosaji na wazazi. Pale shauri linapoishia kwenye kikao cha wazee, kwa fidia na kupeana mikono, kosa la jinai limefichwa na picha zimebaki mikononi mwa yule yule. Kumalizana kifamilia kumewaumiza watoto wengi kuliko ugumu wowote wa sheria, na ni vibaya zaidi katika makosa ya mtandaoni, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kuwa na watoto kumi au ishirini ndani ya simu yake. Familia iliyokubali fidia imewauza, bila kujua, na hao wengine. Kupiga namba isiyohusika nako hupoteza muda: namba 15040, ambayo wengi wanaikumbuka, ni ya kutuma ujumbe na namba za matapeli, na shauri la mtoto halina mahali humo.

Kosa linalofanyika mara nyingi kuliko yote hufanywa na watu wema. Mtu anakutana na video ya mtoto akidhulumiwa, anashtuka, anaituma kwenye kikundi cha familia, cha msikiti au cha kanisa, akiandika chini yake: tumtafuteni huyu mtu, sambazeni hadi imfikie. Ndani ya saa chache video imefika maelfu ya simu. Nia yake ilikuwa kumwokoa mtoto, lakini matokeo yake ni kumdhulumu mara ya pili. Mtoto sasa anajulikana sura kwa majirani, walimu na wanafunzi wenzake. Mkosaji naye ameonywa, amefuta akaunti, amevunja laini na pengine amehama mji. Na aliyesambaza, hata kwa hasira ya haki, amefanya jambo linalogusa kifungu kile kile cha 13, kwa sababu sheria inatazama kitendo cha kuifanya picha ipatikane. Uchungu wa aliyesambaza utasikilizwa, lakini hauirudishi video ilikotoka.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuripoti ni kwamba picha haisafiri. Hainakiliwi, haipigwi picha ya skrini, haitumwi kwa mtu yeyote, hata kwa askari kupitia WhatsApp yake binafsi. Kinachosafiri ni maelezo ya mahali ilipo. Kama imeonekana kwenye tovuti, hunakiliwa anwani kamili ya ukurasa kama inavyosomeka juu ya kivinjari, maana jina la tovuti pekee halimfikishi mpelelezi kwenye ukurasa wenyewe. Kama ni akaunti ya mtandao wa kijamii, huandikwa jina la mtumiaji lenye alama ya @ mbele, kwani jina la kuonesha hubadilishwa kila mwenye akaunti apendapo. Kama ni kikundi cha WhatsApp au Telegram, huandikwa jina la kikundi, namba ya aliyetuma, tarehe na saa. Kisha simu hupelekwa kituoni kama ilivyo.

Mazungumzo ya vitisho ni jambo jingine. Mtoto aliyetishwa hutaka kufuta kila kitu, na mzazi aliyeona aibu humsaidia kufuta. Hapo ndipo mashauri mengi hufia. Ujumbe wa tishio, namba ya simu, risiti ya muamala wa pesa na jina lililojitokeza wakati wa kutuma ni nguzo za kesi. Laini za simu Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), hivyo namba iliyopokea pesa ya mtoto humwonesha mpelelezi pa kuanzia hata kama mkosaji alijificha nyuma ya jina bandia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaikubali taarifa ya kielektroniki mahakamani, lakini mahakama hutazama jinsi ilivyotunzwa. Simu iliyopita mikononi mwa wajomba watano kabla ya kufika polisi imeupunguza uzito wa kilichomo ndani. Pesa isilipwe tena, kwa kuwa kila malipo hufungua mlango wa dai jingine. Na asitokee mtu wa kujifanya mtoto ili kumnasa mhalifu, wala wa kwenda kumkabili nyumbani kwake, maana hilo humpa mtuhumiwa nafasi ya kuharibu ushahidi na huhatarisha uhai.

Kuripoti ndani ya programu yenyewe kuna manufaa yake, ila hakuchukui nafasi ya polisi. Kampuni zenye makao Marekani hubanwa na sheria ya huko kupeleka taarifa za picha hizi, pindi zinapozifahamu, kwa kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, NCMEC. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1984, na mfumo wake wa kupokea taarifa za mtandaoni umekuwapo tangu 1998. Mwaka 2023 mfumo huo ulipokea taarifa zaidi ya milioni 36, na sehemu kubwa ilihusu watumiaji walio nje ya Marekani, hivyo hurudishwa kwa polisi wa nchi husika. Kampuni nyingi hutambua picha zilizokwisha kujulikana kwa alama za kihisabati, teknolojia ambayo Microsoft na mtaalamu Hany Farid waliitengeneza mwaka 2009 kwa jina la PhotoDNA. Teknolojia hiyo haina msaada pale ujumbe unapofungwa kwa usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, kama ulivyo wa WhatsApp: kampuni haioni kilichomo mpaka mpokeaji aripoti, na akiripoti, jumbe za mwisho, hadi tano, hutumwa kwake zikaguliwe. Katika vikundi hivyo, jicho la mwanakikundi mmoja mwenye dhamiri ndilo jicho pekee lililopo.

Kuondoa picha mtandaoni nako kuna njia yake. Taasisi ya Internet Watch Foundation ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1996, imefungua kurasa maalumu za kupokea taarifa kwa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Mtu huweka anwani ya ukurasa bila kulazimika kutaja jina lake, wachambuzi huikagua, na picha ikithibitika huombwa iondolewe popote ilipohifadhiwa. Kijana ambaye picha yake mwenyewe imeanza kutumiwa kumtisha anaweza pia kutumia huduma ya NCMEC iitwayo Take It Down: picha hubaki kwenye simu yake, na kinachotumwa ni alama yake ya kihisabati tu, ili kampuni zilizojiunga ziizuie. INTERPOL nayo ina hifadhidata ya kimataifa ambamo wapelelezi wa zaidi ya nchi 60 hulinganisha picha, wakitazama soketi ya ukutani, pazia, sare ya shule au lugha inayosikika nyuma, mpaka chumba na mtoto vijulikane. Ndiyo maana maelezo madogo hayapaswi kudharauliwa. Msikilizaji wa Kiswahili anaweza kutambua lafudhi ya Pemba au ya Kigoma ambayo mchambuzi aliye Uingereza hawezi kuisikia.

Kenya imejenga njia inayofanana. Namba 116 huko huendeshwa na Childline Kenya, na Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, DCI, ina kitengo maalumu cha kupambana na usafirishaji wa binadamu na kuwalinda watoto. Namba yake ya bure ya kufichua uhalifu ni 0800 722 203. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 24, inafikisha adhabu hadi faini ya shilingi milioni 20 za Kenya, au kifungo cha hadi miaka 25, au vyote viwili. Mkosaji aliye Mombasa anaweza kumtisha mtoto aliye Tanga bila kuvuka mpaka wa Horohoro. Kwa hiyo taarifa itolewe pale mtoto alipo, na polisi wa nchi mbili wawasiliane kwa njia zao.

Mtoto mwenyewe ndiye kiini cha kazi yote hii. Anapoanza kusema, asikilizwe bila kukatizwa na bila kuulizwa kwa nini alituma. Maswali ya kina yaachiwe waliofunzwa, kwa sababu mtoto anayehojiwa na mama, shangazi, mwalimu na mjumbe kwa zamu huchanganyikiwa, na wakili wa utetezi atayatumia hayo mahakamani. Uzito wa kauli yake si mdogo: Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama, katika makosa ya kujamiiana, kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Kama ameguswa mwilini, asiogeshwe wala nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, na penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja.

Anayeripoti hulindwa na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na anaweza kuomba jina lake lisitajwe. Aliyeripoti kwa nia njema na shaka yake ikaonekana haina msingi hajamkosea mtu, mradi hakumtangaza mtuhumiwa mitaani. Kituoni apewe namba ya kumbukumbu ya taarifa yake (RB), aiandike, na aitumie kufuatilia. Siku zikipita bila hatua, aende kwa mkuu wa polisi wa wilaya na kwa Afisa Ustawi wa Jamii akiwa na namba hiyo, na apige 116 ili shauri liwe na kumbukumbu mahali pengine pia. Shule, madrasa na vituo vya kulelea watoto ambavyo bado havijamteua mtu mmoja wa kupokea taarifa hizi na kuzifikisha Dawatini vimteue muhula huu, na jina lake pamoja na namba 116 vibandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuvisoma bila kuomba ruhusa.