Zana za Kazi ya Mbao na Daftari la Chama
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama, Kiembe Samaki)



Kazi ya mbao hapa Unguja ni moja kwa jina, bali mafundi wake ni wa namna nyingi. Seremala wa majumba hutegemea msumeno, randa na patasi. Mchonga nakshi za milango hutumia patasi nyembamba na nyundo ya mti, akifuata mchoro alioupiga ubaoni. Mkereza huzungusha mti katika kerezo, akatoa matendegu ya vitanda. Wajenzi wa majahazi, kama wale wa Nungwi, huchonga mataruma kwa tezo. Hutoboa mbao kwa keekee kabla ya kupigilia msumari, ili zisipasuke. Kisha huziba nyufa kwa pamba, nayo ndiyo kalafati.

Kazi hizi hazijapitwa na wakati. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na milango yake ya nakshi haikarabatiwi ila na fundi mwenye zana zinazostahiki.

Basi chama kinachonunua zana kwa fedha za hisa kikumbuke kwamba zana ya wote isiyo na mlinzi huharibika upesi. Randa ikigonga msumari, makali yake hupata pengo, ikaacha michirizi juu ya ubao wa mvule ulionunuliwa kwa bei kubwa. Katibu aandike kila zana, jina la aliyeichukua, siku aliyoirudisha na hali yake. Naye aliyeitumia ainoe kabla ya kuirudisha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.