Wafadhili Wengi, Mama Mmoja

Msikilizaji, ukifika Nyarugusu, Geita, asubuhi, utamkuta mama amekaa chini, nyundo mkononi, mtoto mgongoni, anaponda mawe. Pembeni yake yupo binti aliyepaswa kuwa darasani. Mawe yakishasagwa, dhahabu hukamatwa kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu.

Sasa tujiulize: nani anamsaidia mama huyu? Wapo wengi. Kisheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya wanawake. Tangu marekebisho ya sheria mwaka 2017, mgodi nao lazima ukubaliane na halmashauri kuhusu mpango wake wa kila mwaka wa kuhudumia jamii. Mashirika yasiyo ya kiserikali nayo yapo.

Shida ni kwamba kila mmoja huja na daftari lake. Huyu analeta cherehani, yule semina, wakati mama anahitaji leseni na mashine ya kusagia.

Kwa upande mwingine, wapo wanaohofia kwamba kuwaratibu wafadhili hawa ni kuongeza vikao na kuchelewesha msaada. Hofu hiyo naielewa. Aprili 2023 mikopo ya halmashauri ilisimamishwa ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Vikundi vya wakopaji vilisubiri.

Hata hivyo, uratibu ni wa lazima, na uanzie pale mawe yanapopondwa. Mama unayenisikiliza ukiwa na nyundo mkononi: kabla ya mradi wa mwisho kukufikia, kuna aliyekuuliza unataka nini?