Mtoto Aliyekosa na Haki Yake

Ndugu zetu wenyeviti wa vijiji, watendaji, walimu na wazee,

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mtoto aliyekosa. Mtoto mwema hupendwa na kila mtu. Lakini aliyekosa hana wa kumsemea, kwa kuwa watu hudhani ya kwamba kumtetea yeye ni kuutetea wizi. Sivyo, na twaomba mtusikilize.

Tuchukue mfano. Kijana mdogo ameshikwa usiku na baiskeli ya jirani. Watu wamekusanyika, na fimbo zimeletwa. Akiokoka hapo hupelekwa kituoni, naye akiulizwa umri wake, kwa hofu ajibu ya kuwa ana miaka 18. Cheti cha kuzaliwa hana, na mzazi wake hakufuatana naye. Kwa neno hilo moja aweza kulala mahabusu pamoja na watu wazima, akafundishwa huko wizi mkubwa kuliko ule wa baiskeli.

Sasa tuangalie sheria yasemaje. Sheria ya Mtoto ilitungwa na Bunge la Tanzania mwaka 2009, nayo hutumika Tanzania Bara. Zanzibar walitunga ya kwao mwaka 2011. Kwa sheria hiyo, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Tena Kanuni ya Adhabu yasema ya kwamba aliye chini ya miaka 10 hashitakiwi kwa kosa la jinai. Na aliye chini ya miaka 12 hahesabiwi kosa ila ithibitike kuwa alikuwa na akili ya kujua ubaya wa tendo lake. Mtoto akizuiliwa, asichanganywe na watu wazima. Shauri lake husikilizwa faraghani katika Mahakama ya Watoto, afisa ustawi wa jamii akiwapo, na mzazi au ndugu ana haki ya kuwa karibu naye. Wala hahukumiwi kifungo cha gerezani.

Huenda mtu akauliza, "Na mwenye baiskeli je?" Swali hilo ni la haki. Sheria haikusema mtoto aachwe hivi hivi. Mahakama yaweza kumwachilia kwa masharti, au kumweka chini ya uangalizi, au kumwamuru mzazi alipe fidia, au kumpeleka Shule ya Maadilisho iliyoko Irambo, Mbeya. Kwa njia hiyo aliyeibiwa aweza kupata haki yake. Fimbo hazimrudishii mtu mali yake, na mtoto akifa kwa fimbo hizo, waliopiga ndio watakaoshitakiwa.

Basi yatupasa nini? Kwanza, kila mzazi aandikishe kuzaliwa kwa mwanawe, akakitunze cheti na kadi ya kliniki, maana umri usiothibitishwa ni haki iliyopotea. Pili, walimu, daftari zenu za shule huonyesha mwaka aliozaliwa mtoto. Mkiulizwa, semeni kweli upesi. Tatu, mwenyekiti wa kijiji azuie fimbo, ampelekee habari mzazi na afisa ustawi wa jamii, wala asimwache mtoto aende kituoni peke yake. Nne, mtoto akirudi, tumpokee. Akiitwa mwizi kila apitapo, na shuleni akakataliwa, atakwenda wapi ila kwa wezi?

Ndugu zetu, wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Mfinyanzi aonapo chungu kimepinda hakivunji kingali kibichi, bali hukinyoosha kwa mkono. Mtoto aliyekosa leo ndiye atakayelima mashamba yetu kesho, au atakayeyavamia. Ni juu yetu kuchagua, na saa ya kuchagua ni ile ile fimbo ziletwapo.