Shokapu na Raha ya Mtu Mmoja

Juma lililopita nilimpakia mama yangu mzazi kwenye pikipiki usiku, kumpeleka hospitali. Kila shimo nyuma iligonga, usukani ukawa mwepesi, taa ikamulika vilele vya miti. Nikalaumu barabara. Kumbe kosa ni langu: springi za nyuma nilizilegeza ili nikiwa peke yangu nikae raha.

Chini ya springi kuna ringi yenye ngazi, mara nyingi 5. Ukipakia mtu, izungushe kwa spana ukaze. Ukimshusha, ilegeze, la sivyo gurudumu litarukaruka. Ya kulia na ya kushoto ziwe ngazi moja. Ni kazi ya dakika chache.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, raha yako ndiyo iniangushe?" Sikuwa na jibu.