Plazma ya Waliopona: Tiba Inayotakiwa Mapema

Mtu akipona UVIKO-19, damu yake hubaki na kingamwili zinazonasa virusi kabla havijaingia kwenye seli. Zimo ndani ya plazma, majimaji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikishatenganishwa. Kwa kuwa kiasi cha kingamwili hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, plazma za watu kadhaa waliopona huweza kuchanganywa ili kila dozi iwe na nguvu inayokaribiana. Ninachosema leo ni kwamba mchanganyiko huo hurekebisha kiasi tu. Muda uliopotea haurudishi.

Tuangalie ushahidi. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2021, ulihusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 waliolazwa. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 24 ya waliopewa plazma, na asilimia 24 ya wasiopewa. Wapo waliohitimisha kwamba tiba hii haifai kitu. Lakini hao walikuwa wamekwisha kulazwa, na katika hatua hiyo mapafu huumizwa pia na mchafuko wa kinga ya mwili wenyewe, ambao kingamwili za kuazima haziutulizi. Nchini Argentina, wazee 160 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa plazma yenye kingamwili nyingi ndani ya saa 72 tangu dalili zianze. Waliopata matatizo makubwa ya kupumua walikuwa asilimia 16, dhidi ya asilimia 31 upande wa pili.

Wengine huhofu kwamba mchangiaji mmoja mwenye maambukizi ataharibu mchanganyiko wote. Hofu hiyo ni ya haki, ndiyo maana kila mchango hupimwa VVU na homa ya ini, na plazma huweza kusafishwa kwa njia za kuua virusi. Wengine huuliza, kwa nini tuhangaike ilhali chanjo zipo? Kwa sababu virusi vipya vinapozuka, chanjo huwa bado, ila waliopona huanza kupatikana mapema.

Desemba 2021, Shirika la Afya Duniani lilishauri plazma isitumike kwa wagonjwa wa UVIKO-19 wasiougua vikali, na kwa wanaougua vikali au walio mahututi itumike ndani ya utafiti tu. Basi usiinunue kwa uvumi. Bali mlipuko mwingine ukitokea, wahi kituo cha afya dalili zinapoanza, na ukipona ukaombwa kuchangia, kubali.