Neno "Train" na Njia ya Tabora

Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya neno moja la Kiingereza, neno dogo lijulikanalo na kila mtoto wa shule, nalo ni "train". Mtoto akiulizwa maana yake hujibu upesi: gari la moshi. Amejibu vema, lakini ameshika mkia tu wa neno hili, kichwa chake hajakiona.

Asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ya kwanza ni kukokota. Kwa hiyo Waingereza wa zamani waliita "train" ile ncha ndefu ya vazi la bibi mkubwa, iburutwayo chini nyuma yake. Kisha wakaliita hivyo kundi la watu wamfuatao mkubwa njiani. Na tena mlolongo wo wote wa watu au wanyama wenye mizigo, mmoja nyuma ya mwenziwe.

Maana hii yaielekea nchi yetu hasa. Kabla ya reli, njia ya kutoka Bagamoyo hata Tabora, na kutoka Tabora hata Ujiji, ilikuwa ya miguu. Mbele alitangulia kirangozi na bendera yake. Nyuma walifuata wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, mara nyingi kila mmoja na mzigo wa karibu frasila mbili, yaani ratli 70. Walipeleka bara nguo, shanga na waya za shaba. Wakarudisha pwani pembe za ndovu. Walikuwako pia watu waliokokotwa njia ile kwa minyororo, hali wameuzwa. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wasifike Kaze, karibu na Tabora ya leo, ila mwezi wa Novemba. Sisi twauita mlolongo ule msafara; Mwingereza aweza kuuita "train", ijapokuwa hapakuwa na moshi wala chuma.

Waingereza walipopata gari la moshi kwao, hawakutafuta jina jipya, kwa kuwa waliona gari likifuata gari, yote yakikokotwa na injini moja. Kwetu reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache.

Iko maana nyingine, nayo ni kufunza. Mtunza bustani auvutapo mche utambae ukutani apendavyo, kazi hiyo nayo huitwa kwa neno lilo hilo. Vivyo hivyo kumlea mtoto, kumzoeza askari, kumfundisha mwalimu kazi yake. Tabora yaijua maana hii pia. Julius Nyerere alisoma huko katika shule ya serikali tangu 1937 hata 1942, akaenda Makerere kujifunza ualimu, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's.

Tuseme sasa mzee mmoja apata barua ya Kiingereza, ya kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda "training". Msomaji ajuaye maana moja tu amwambia, "Mzee, mwanao atasafiri kwa gari la moshi." Mzee auza mbuzi wake apate nauli, kumbe kijana ataka kufunzwa ualimu miaka miwili mji ule ule. Mbuzi amekwenda, wala hatarudi.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi twapanda mbegu, twapanda mlima, twapanda gari, twasimama njia panda, na wazee wetu walipiga panda, yaani pembe, safarini. Mgeni wa lugha yetu atajuaje, asipoyatazama maneno ya jirani? Basi, ninyi mnaojifunza, mkikutana na neno la kigeni msilishike peke yake. Litazameni lililotangulia na lifuatalo, kama vile mpagazi alivyojulikana kwa msafara wake. Na anayewasomea wengine barua na akawaze zaidi, maana amechukua mzigo usio wake.